Kuchagua hadithi fupi ya kuchambua kwenye somo la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwalimu amesema kila mmoja achague hadithi fupi ya klasiki anayoipenda, aichambue kwa Kiingereza na kuileta. Wengi hukwama palepale kwenye kuchagua, halafu usiku wa mwisho wanabeba ile iliyo fupi kuliko zote. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi kabla ya usiku huo kufika.

Lazima iwe hadithi ninayoipenda kweli?

Kupenda kunasaidia, ila hakutoshi, na wakati mwingine kunaponza. Hadithi iliyokufurahisha mwanzo hadi mwisho mara nyingi inakuacha huna la kusema zaidi ya kuisimulia upya na kuisifu. Inayofaa kuchambuliwa ni ile iliyokuachia jambo: mhusika aliyekuudhi, mwisho usiokubaliana nao, sentensi uliyoirudia ukajiuliza mwandishi alikuwa na haja gani ya kuiweka pale. Ukiwa na ubishi na hadithi, tayari una hoja. Ukiwa na mapenzi matupu, utaandika muhtasari.

Chukua "The Gift of the Magi" ya O. Henry, ya mwaka 1905. Della anakata nywele zake na kuziuza ili amnunulie mumewe Jim mnyororo wa saa. Kumbe Jim naye ameshauza saa ili amnunulie Della vitana vya kupambia nywele. Kila anayeisoma anaipenda, na karibu kila insha juu yake inaishia kusema kwamba upendo wa kweli ni kujitoa. Hilo msimulizi ameshalisema mwenyewe. Wewe unaongeza nini? Lakini rudi kwenye aya ya mwisho. Msimulizi anawaita watoto wawili wapumbavu, waliopoteza hazina zao bila busara, na hapohapo anasema kwamba kati ya wote wanaotoa zawadi, hawa ndio wenye hekima kupita wote. Anawezaje kuyasema yote mawili kwa mkupuo mmoja? Anawasifu, anawaonea huruma, au anatutania sisi wasomaji? Ukianzia hapo, hata hadithi iliyochakaa kwa kusomwa inapata uhai.

Hadithi gani inahesabika kuwa klasiki?

Hakuna mstari uliochorwa. Kwa kawaida ni hadithi iliyosomwa na kufundishwa vizazi kadhaa na bado watu wanabishana juu yake. Edgar Allan Poe na Nathaniel Hawthorne wamo bila shaka. Shirley Jackson na "The Lottery" yake ya 1948 wamo pia. Kwa maoni yangu "Dead Men's Path" ya Chinua Achebe, ya 1953, imo na inastahili kuchaguliwa mara nyingi zaidi: kurasa chache tu kuhusu mwalimu mkuu kijana anayefunga njia ya mababu ili shule yake ipendeze, na mwisho wake hauachi upande wowote ukiwa msafi.

Jihadhari na vitu vinavyofanana na hadithi fupi. "The Old Man and the Sea" na "Animal Farm" ni riwaya fupi. "Shooting an Elephant" ya George Orwell, ya 1936, kwa kawaida huwekwa kwenye kundi la insha. Ukiwa na shaka, muulize mwalimu kabla hujaandika aya hata moja.

Iwe na urefu gani?

Poe, alipokuwa akihakiki kazi ya Hawthorne mwaka 1842, alisema hadithi ya aina hii inafaa isomwe kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, ili athari yake isikatike. Kipimo hicho bado kinafaa. Unahitaji hadithi utakayoisoma mara tatu au nne bila kuichukia.

Usivutwe na ufupi peke yake. Hadithi ya kurasa tatu haina pa kujificha: kila sentensi ina kazi, na mwalimu anazikumbuka zote.

Kiingereza changu bado kinasuasua. Nianze na nani?

Soma ukurasa wa kwanza tu. Ukisimama kwenye kamusi kila mstari, iache. Ukikwama mara mojamoja, endelea, kwa sababu maneno yaliyokukwamisha huenda ndiyo utakayoyatumia kwenye insha.

Hawthorne na Poe wana sentensi ndefu na msamiati wa karne ya 19. "Young Goodman Brown" ya 1835 inachosha hata wanaokijua Kiingereza vizuri. Jackson anaandika kwa lugha nyepesi. Jack London vilevile. Ernest Hemingway ni mtego: maneno yake ni ya mtoto wa shule, ila maana ameificha chini ya mazungumzo. Katika "Hills Like White Elephants" ya 1927, mwanamume na msichana wanasubiri treni kituoni, wanakunywa, wanazungumzia upasuaji fulani ambao hautajwi kwa jina hata mara moja. Utaimaliza upesi, kisha ujiulize umesoma nini.

Nitajuaje kwamba hadithi inachambulika?

Isome mara ya kwanza kwa raha zako. Mara ya pili shika kalamu, na kila unapojiuliza "kwa nini hivi?" weka alama pembeni. Ukimaliza na pembeni ni kweupe, waachie wengine hiyo.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu: "The Story of an Hour" ya Kate Chopin, iliyotoka kwenye jarida la Vogue mwezi Desemba 1894. Bibi Mallard ana maradhi ya moyo. Anapewa habari, kwa tahadhari, kwamba mumewe amekufa kwenye ajali ya treni. Analia, anajifungia chumbani, anakaa kwenye kiti kinachotazama dirisha lililo wazi, na polepole anagundua kwamba kinachomjia si huzuni tu: yuko huru. Saa haijaisha, mume anafungua mlango na kuingia akiwa mzima, mkononi ana mkoba na mwavuli, wala hakuwa karibu na ajali. Mke anakufa palepale. Madaktari wanasema kilichomuua ni furaha.

Msomaji wa haraka ataandika kuhusu kinaya cha sentensi ile ya mwisho. Si kosa, lakini ndicho anachoandika kila mtu. Sasa angalia majina. Mume anatajwa kwa jina lake kamili, Brently Mallard, mwanzoni kabisa, likiwa la kwanza kwenye orodha ya waliokufa. Mke ni "Bibi Mallard", yaani jina la mume, kisha anakuwa "yeye" tu, aya baada ya aya. Jina lake mwenyewe, Louise, linasikika kwa mara ya kwanza pale dada yake anapopiga magoti nje ya chumba na kumsihi kupitia tundu la ufunguo afungue mlango. Hapo ameshanong'ona kwamba yuko huru. Na mume anaporudi, rafiki wa familia anakimbia kumkinga asionekane na nani? Si Louise. Ni "mke wake". Amepata jina kwa dakika chache, amerudi kuwa mke wa mtu, na papo hapo amekufa.

Hiyo tayari ni hoja ya insha nzima: kwamba Chopin anatumia majina kuonyesha uhuru wa mwanamke huyu unapoanzia na unapokatikia. Haikuhitaji kitabu cha uhakiki wala historia ya ndoa za karne ya 19. Ilihitaji kusoma mara ya pili na kuuliza mbona jina limechelewa. Hadithi ikikupa sehemu mbili au tatu za namna hii, hiyo ndiyo yako.

Darasa zima limechagua "The Necklace". Niiache?

Hapana, ila usiandike kwamba majivuno hutangulia anguko. Hadithi hii ya Guy de Maupassant, ya 1884, imechambuliwa hivyo mpaka wasahihishaji wamechoka. Mathilde Loisel anaazima mkufu kwa rafiki yake Bibi Forestier ili avae kwenye dhifa, anaupoteza, yeye na mumewe wananunua mwingine kwa faranga 36,000 na kutaabika miaka 10 kulipa madeni, halafu anaambiwa ule wa kwanza ulikuwa bandia na thamani yake haikuzidi faranga 500.

Mwache Mathilde kidogo, umtazame mume. Ndiye anayetoa faranga 400 alizokuwa amejiwekea anunue bunduki ya kuwinda, ili mkewe apate gauni. Ndiye anayetoka usiku uleule kuutafuta mkufu barabarani kwa miguu. Urithi wa baba yake, faranga 18,000, wote unaingia humo. Na ndiye anayemwambia mke amwandikie rafiki yake kwamba kishikizo cha mkufu kimevunjika na kinatengenezwa. Uongo wa kwanza ni wake! Ongeza na hili: mkufu mpya uliporudishwa, Bibi Forestier hakufungua hata kasha. Je, waliofilisika hawa wameponzwa na majivuno ya mke, au na aibu ya watu watatu ambao hakuna aliyethubutu kusema au kuuliza jambo dogo? Mimi sijafika mwisho wa swali hilo, na ndiyo sababu bado naipendekeza.

Napenda hadithi zenye mwisho wa kushtukiza. Zinafaa?

Zinafaa ikiwa mshtuko umeandaliwa. Pima hivi: ukiujua mwisho na ukairudia hadithi, inakuwa dhaifu au inakuwa nzito zaidi?

"The Lottery" inakuwa nzito zaidi. Ilipotoka kwenye The New Yorker mwezi Juni 1948, wasomaji walimiminia jarida barua, nyingi za hasira na mshangao. Kwa anayeisoma mara ya kwanza, ni kijiji kilichokusanyika asubuhi yenye jua kupiga kura ya kila mwaka. Kwa anayeirudia, kila kitu kiko wazi tangu mwanzo: tayari kwenye aya ya pili watoto wanajaza mawe mifukoni na kuyarundika pembeni ya uwanja. Msimulizi hakuficha lolote. Tuliyaona mawe tukadhani ni michezo. Baadaye anatuambia kwamba watu wameshasahau sehemu kubwa ya taratibu za kale, hata sanduku la kwanza lilishapotea, lakini matumizi ya mawe wanayakumbuka. Sentensi hiyo moja inatosha kujenga aya nzuri sana kuhusu mila inayobaki na ukatili baada ya kupoteza maana.

"An Occurrence at Owl Creek Bridge" ya Ambrose Bierce, ya 1890, nayo inaupita mtihani huu. Angalia saa ya mtu anayengoja kunyongwa. Mlio wake anausikia kama nyundo ikigonga chuma, na kila pigo linachelewa zaidi ya lililotangulia. Bierce ameshatuambia kwamba wakati ndani ya kichwa cha mtu huyu haukimbii kama wetu. Sisi ndio hatukusikiliza.

Na za kutisha?

Mwalimu yeyote mwenye busara atazikubali. "The Tell-Tale Heart" ya Poe, ya 1843, ni chaguo salama kwa anayetaka kuandika kuhusu msimulizi asiyeaminika: mtu anayejitetea kwamba hana wazimu, na ushahidi wake ni jinsi alivyoua kwa utulivu. "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, ya 1902, inafaa ukitaka kuandika kuhusu kisichoonyeshwa, maana kilichosimama nje ya mlango hatukioni kamwe.

Nataka kitu chenye matukio, si watu wanaowaza dirishani.

"To Build a Fire" ya Jack London. Mtu anatembea na mbwa kwenye baridi ya nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, anahitaji moto, anashindwa kuuwasha. Ni hayo tu. Mapema kabisa msimulizi anasema tatizo la mtu huyu ni kukosa uwezo wa kuwaza zaidi ya kile anachokiona, na matukio yote yanafuata kutoka hapo.

Utamu mwingine: London aliiandika mara mbili. Katika toleo la 1902, lililolenga vijana, mtu huyo anaitwa Tom Vincent na anaokoka. Katika toleo la 1908, ambalo ndilo linalofundishwa, hana jina na anakufa, mbwa anabaki. Kwa nini mwandishi alimnyang'anya jina na uhai? Mwanafunzi atakayeyaweka matoleo haya mawili bega kwa bega ana insha ambayo wenzake hawana.

Nimeisoma na sijaelewa mwisho. Nitafute nyingine?

Subiri kwanza. Tofautisha kutoelewa kilichotokea na kutojua kina maana gani. La kwanza linatibika kwa kusoma tena polepole, au kwa kupanga matukio kwa mfuatano wake. "A Rose for Emily" ya William Faulkner, ya 1930, inamkanganya karibu kila mtu kwa sababu inaanza na mazishi kisha inarukaruka nyuma na mbele. Chukua karatasi, panga matukio kuanzia la zamani zaidi, na utaona mwandishi alikuzuia usiunganishe nini mapema. La pili, kutokuwa na uhakika wa maana, ni mtaji. Andika insha yako kuhusu hilohilo.

Nieleze maisha ya mwandishi kiasi gani?

Sentensi mbili, na ziwe na kazi. Aya nzima ya alizaliwa wapi na alioa nani ni njia ya kujaza ukurasa, na kila msahihishaji anaijua.

Kuna hadithi zinazosaidiwa kweli na historia. "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, ya 1892, ni mojawapo: Gilman mwenyewe aliwahi kutibiwa kwa kulazimishwa kupumzika na kuachana na kazi ya kalamu, na mwaka 1913 alieleza kwa maandishi kwa nini aliiandika. Hata hivyo, usiseme mwanamke wa kwenye hadithi ndiye Gilman. Gilman alirudi kazini akapona. Msimulizi wake anabaki anatambaa chumbani. Tofauti hiyo ina mengi ya kusema kuliko mfanano.

Hadithi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza inaruhusiwa?

Kwa kawaida ndiyo; Maupassant na Anton Chekhov wanafundishwa kila mahali. Taja mfasiri. Na usijenge hoja juu ya mlio wa neno moja la Kiingereza, kwa kuwa neno hilo ni chaguo la mfasiri. Jenga juu ya mpangilio, wahusika, anachofichwa msomaji na anachoonyeshwa.

Nitumie muhtasari wa mtandaoni au akili mnemba?

Fuata kwanza sheria ya mwalimu wako, ikikataza, imekataza. Ikiruhusu, soma muhtasari baada ya kusoma hadithi na kuweka alama zako, si kabla. Ukianza nao, utaona tu kile ulichoambiwa uone. Umeshasoma kwamba "The Necklace" inahusu majivuno? Basi yule mume mwenye bunduki yake ya faranga 400 atakupita bila kumwona.

Programu za akili mnemba zina tatizo la ziada: zinaweza kukupa nukuu nzuri ambayo haimo kwenye hadithi. Kila nukuu itafute kwenye matini kwa macho yako. Usipoikuta, haipo.

Mwalimu ametoa orodha na sipendi hata moja.

Chagua unayoichukia zaidi, ueleze kwa ushahidi kwa nini haifanyi kazi. Lakini iwe kwa ushahidi, mstari kwa mstari. "Inachosha" peke yake si uchambuzi. "Msimulizi anaeleza hisia za mhusika kabla hatujazishuhudia, kwa hiyo hatuna kazi ya kufanya" ni uchambuzi.

Nitaipata wapi bure?

Kazi za Poe, Hawthorne, Chopin, Gilman na Bierce ziko kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, bila malipo na kihalali. "The Lottery" bado inalindwa na haki miliki Marekani, kwa hiyo itafute kwenye kitabu cha darasa au maktaba. Jihadhari na nakala za mitandaoni zilizofupishwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha: zinabadilisha maneno, na maneno ndiyo unayoyachambua.

Jina la hadithi na njeo viandikweje kwenye insha ya Kiingereza?

Jina la hadithi fupi huwekwa ndani ya alama za kunukuu. Mlazo ni wa majina ya vitabu na majarida. Matukio ya hadithi huelezwa kwa wakati uliopo: Louise anashuka ngazi, si alishuka. Wakati uliopita utumie kwa mambo ya mwandishi na historia.

Nimeshaanza kuandika na hoja imeniishia. Nibadilishe hadithi?

Kabla hujabadilisha, punguza. Mara nyingi hoja inaisha kwa sababu umejaribu kuizungumzia hadithi yote: dhamira, wahusika, mandhari na ishara, kila kimoja aya yake. Chagua aya moja ya hadithi, ile uliyoiwekea alama nyingi zaidi, ukae nayo. Uliza nani anasema, nani amenyamaza, kitu gani kimetajwa mara mbili. Ukikaa nayo jioni nzima na bado huna la kuandika, hapo badilisha, na usirudi kwenye ile fupi kuliko zote. Rudi kwenye ile uliyoiacha kwa sababu mwisho wake ulikukera.